Ukuta Usiopigwa Lipu

Kila Matayo alipoushusha uzi, uligusa tofali moja, na hapo ndipo shaka ilipomwanzia.

Fundi yeyote anajua kwamba ukuta wa matofali ya kuchoma haunyooki. Hapa utakuta tumbo, pale bonde, na ukimuuliza aliyejenga atakwambia tanuri ndilo lililopinda matofali, si yeye. Matayo alipiga msumari kila kona, akavuta uzi kati yake, akapima huku akitegemea kukuta kasoro za kawaida. Lakini ukuta huu ulikuwa umenyooka kuliko kuta zote alizowahi kuzishika Handeni na Korogwe nzima, isipokuwa matofali matatu. Moja lilikuwa juu karibu na dirisha, moja katikati, na moja chini karibu na mlango. Kila moja lilichomoza vidole vitatu kamili. Alipima mara mbili. Kulikuwa pia na la nne, kule pembeni, ambalo lenyewe lilikuwa limesukumwa ndani mpaka likaacha shimo la kutosha kuingiza kiganja.

Halafu hayo manne hayakushikwa kwa saruji. Yalishikwa kwa udongo mtupu, wakati ukuta mzima ni saruji. Mtu aliyejua kujenga vile hawezi kukosea vile, Matayo alijiambia, na machale yakamcheza.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kabuku, nyuma kidogo ya barabara kuu, mali ya Mustafa, mnunuzi wa machungwa. Aliirithi kwa baba yake, marehemu Mzee Kibwana, aliyeijenga kwa mikono yake mwenyewe. Mustafa aliishi humo na mkewe Hajira na mama yake mzazi, Bibi Maryamu. Watu watatu tu. Kuta zote za sebuleni zilikuwa na lipu na rangi, isipokuwa huo mmoja uliobaki uchi.

Hajira alikuwa ameuchoka. Aliona paneli kwenye simu, sebule ya mtu wa Dar, ukuta wote umevikwa paneli za plastiki zenye mistari kama mbao, na tangu siku hiyo usingizi wake haukuwa wa raha. Mama yake mzazi alikuwa anakuja Jumapili, mara ya kwanza tangu aolewe. Hajira hakutaka akute hata tofali moja likimchungulia. Ndiyo maana Alhamisi asubuhi Matayo alitoka kwake Korogwe kwa pikipiki, mkoba wa zana mgongoni.

"Dada Hajira, kuna njia mbili," alisema akikunja uzi. "Ya kwanza natanguliza papi, hizi mbao nyembamba, ukutani, na penye upungufu naweka kabari nyuma ya papi mpaka zote zikae mstari mmoja. Paneli nazifunga juu ya papi. Ukuta utakuja mbele kama vidole vinne."

"Vidole vinne? Na makochi yangu nikayaweke barabarani?"

"Ya pili ni kuyakata haya matatu. Papi zinalala moja kwa moja."

"Kata."

"Usikate, mwanangu."

Sauti ilitoka pembeni. Bibi Maryamu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasuka ukili, na tangu Matayo amwamkie shikamoo asubuhi hakuwa amesema neno. Alikuwa anautazama ukuta tu, vidole vikienda vyenyewe.

"Weka hizo kabari," alisema. "Chumba kikipungua vidole vinne hatufi."

"Mama, huu ukuta nao!" Hajira aligeuka. "Lipu usipigwe, msumari usipigwe, kalenda isitundikwe. Kuna nini humo ndani?"

Bibi Maryamu alirudia ukili wake. "Hamna kitu. Ukuta tu."

Mtu akitaka kutiliwa shaka, ajibu hivyohivyo. Hajira alimtazama fundi kwa jicho la unaona sasa, na Matayo, ambaye moyoni alipenda zaidi njia ya kabari, alikaa upande wa anayemlipa. Akashika tindo na nyundo, akapanda kwenye kiti, akaanza na tofali la juu karibu na dirisha.

Lilikuwa gumu kama chuma. Alipiga mpaka mkono ukafa ganzi, na lilipokubali kukatika, kile kichwa kilichochomoza kikaanguka sakafuni vipande viwili, na harufu ikatoka. Matayo aliijua hata kabla hajashuka. Alizaliwa kambini, babu yake alikuja kutoka mbali kukata mkonge, na hakuna aliyekulia kwenye zile kambi asiyeijua harufu ya korona, ile mashine ya kusaga mkonge, na maji yake ya kijani yanayooza mtaroni. Lakini korona haipo Kabuku. Na harufu ilikuwa ndani ya sebule, imefungiwa kama kwenye chupa.

"Nani kaacha chakula kikaoza?" Hajira aliziba pua.

Bibi Maryamu aliacha kusuka. Aliviangalia vile vipande viwili sakafuni, kisha akainuka taratibu akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Kufika jioni Matayo alikuwa amefunga papi nne upande wa juu. Tindo lilikuwa limeharibika ncha, kwa hiyo matofali mawili yaliyobaki aliyaacha kwa kesho. Mustafa alirudi kutoka shambani, mtu mnene mcheshi, akamkaribisha chai kabla hajaenda kulala kwenye nyumba ya wageni pale stendi. Walikaa sebuleni wote wanne. Adhana ya magharibi ilipokwisha tu, ukuta ukagongwa.

Ko. Chini, karibu na mlango.

Ko. Katikati.

"Mabati hayo," alisema Mustafa, akichovya andazi kwenye chai. "Kila jioni yanapoa. Yanagonga mara tatu, kama saa vile."

Lakini Matayo alikuwa fundi, na fundi hawezi kuchanganya sauti ya bati na sauti ya fimbo juu ya tofali, na alipoyatupa macho kwa Bibi Maryamu akaona mama wa watu amefumba macho na kuikamata khanga yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa asubiri kipigo, na kimya kikawa kirefu, kirefu kuliko kile cha kati ya mlio wa kwanza na wa pili, na ile harufu ya mkonge uliooza ikapanda tena kutoka sakafuni ikapita kwenye miguu yao polepole, ikizunguka, ikinusa, mpaka ikafika kwenye kochi la Mustafa na kusimama hapo.

Ko.

Iligonga ndani ya kifua chake. Wote waliisikia. Andazi lilimdondoka, akashika shati, akafungua mdomo kuvuta pumzi na pumzi ikakataa. Alipokohoa, kilichotoka kilikuwa vumbi jekundu la tofali, likaenea juu ya chai.

Matayo alitoka pale roho juu. Usiku ule alijaribu kujidanganya kwamba ni pumu, kwamba ni vumbi la tindo lake lililomwingia yule bwana, lakini hakuna aliyekuwa anakata tofali Mustafa aliporudi. Kuna mtu katika nyumba ile aliyejua kitu. Na alimjua ni nani.

Ijumaa aliwahi mno. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka. Hajira alikuwa amempeleka Mustafa kwenye zahanati kwa bodaboda ya jirani, na mlango ulifungwa. Matayo alisogea dirishani achungulie kama kuna mtu. Alichokiona kilimfanya arudi nyuma hatua moja.

Bibi Maryamu alikuwa amesimama juu ya kiti, mbele ya ukuta. Papi mbili kati ya zile nne zilikuwa zimefunguliwa, skrubu zimepangwa vizuri dirishani, bisibisi ya Matayo mkononi mwake. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ananong'ona, si kwa mtu, kwa ukuta, kwa sauti ya kubembeleza ambayo mama hutumia kwa mtoto mwenye homa. Aliirudishia papi ya mwisho, akaikaza skrubu kwa bidii ya ajabu kwa umri wake, akashuka, akajifuta machozi kwa mkono uleule mchafu. Uso wote ukawa mwekundu.

Matayo hakuuliza. Hapa ndipo nisipoweza kumtetea. Angeweza kubisha hodi, angeweza kusema shikamoo mama, unafanya nini. Badala yake alikwenda kukaa kwenye gogo nje, na Hajira alipomleta mumewe kutoka zahanati, akamvuta pembeni na kumwambia kila kitu kwa sauti ya chini.

"Alikuwa anaongea na ukuta?"

"Nimemwona kwa macho yangu, dada. Mikono yote myekundu."

"Nilijua," Hajira alinong'ona, na machozi yakamtoka. "Wallahi nilijua. Zahanati wamepima kila kitu, hawaoni ugonjwa. Mume wangu anakufa, fundi. Anakufa na mimi namwangalia, na anayemuua anakula sahani moja na sisi."

Sitaki mtu amchukie Hajira. Alikuwa anaogopa, na anayeogopa hushika kilicho karibu. Aliingia ndani akasimama mbele ya mama mkwe wake.

"Umemfanya nini Mustafa?"

Bibi Maryamu alikuwa ameshanawa, lakini kwenye kucha wekundu ulibaki. Alimtazama mwanawe aliyeegemezwa kwenye kochi, anavuta pumzi kwa milio. Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile ndilo lililommaliza Hajira.

"Atapona," alisema.

"Unajuaje? Unajuaje kama si wewe? Ulikuwa unafanya nini ukutani alfajiri?"

"Siwezi kukwambia, mwanangu."

"Basi nenda Magoma kwa dada yako! Leo hii! Sikai nyumba moja na mchawi."

Neno lilipotoka, hata Hajira mwenyewe alishtuka. Wote walimwangalia Mustafa. Mtoto wa kiume, wa pekee. Alikuwa na pumzi ya kusema neno moja, na hilo neno angeweza kulitumia vizuri. Aliinamisha kichwa akaangalia sakafu.

"Nitakwenda," alisema Bibi Maryamu. "Mama yako asije akakuta maneno humu ndani."

Matayo ndiye aliyempeleka stendi kwa pikipiki. Mzigo wake ulikuwa fuko moja na ule ukili ambao haujaisha. Wakakaa kwenye benchi la muuza soda kungojea gari la Korogwe, na Matayo hakujua pa kuyaweka macho.

"Wewe ni wa kambi," alisema Bibi Maryamu ghafla. "Nimekuona ulivyoshtuka na ile harufu."

"Ndiyo, mama."

"Babu yako alikuhadithia nyapara alivyokuwa anahesabu watu?"

Alihadithiwa. Kila jioni korona ikizimwa, nyapara alipita kwenye mstari wa vyumba na fimbo yake, akigonga mlango mara moja kwa kila kichwa. Aliyekosekana alitafutwa. Hata aliyetoroka akarudi kwao, alifuatwa hadi kwao.

"Marehemu mume wangu alibomoa ile ofisi ya manyapara ya kuhesabia watu," alisema. "Ilikuwa gofu, matofali mazuri, bure. Tukajengea ule ukuta. Tulipohamia tu, jioni ya kwanza, tukasikia fimbo. Mzee wa Vugiri aliyetusaidia alisema, huyu hamtamtoa, yuko kazini. Mpeni cha kuhesabu. Basi kila mtu akawa na tofali lake limechomoza, na la nne likamngoja mke wa mwanangu; yule mzee alisema hayo manne hayaongezeki. Anagonga tofali, anaridhika, anakwenda zake. Mtu akifa, tofali lake tunalisukuma ndani. Lile la pembeni ni la mume wangu."

"Kwa nini hukusema? Jana ungesema tu!"

"Anayeijua siri ya matofali ni mmoja tu katika nyumba. Wenyewe wakijua yao, wanayaangalia. Wakiyaangalia, naye anawaangalia wao." Alishusha pumzi. "Wewe ulikata la Mustafa. Jioni ya kwanza anamtafuta asiye na tofali. Jioni ya pili anamchukua atakayemkuta hana."

Matayo aliinuka kwenye benchi. "Leo ni ya pili."

"Naam."

Gari la Korogwe liliingia likipiga honi. Bibi Maryamu aliinuka, akachukua fuko lake mwenyewe, hakukubali kusaidiwa.

"Rudi ukamalize kazi yako," alisema mguu mmoja ukiwa ndani. "Weka kabari, usikate tena. Na alfajiri uliniona, sivyo? Kivuli chako kilikuwa dirishani. Sina kinyongo na wewe, mwanangu. Ila tofali lolote usiliguse tena, na nyumbani usiseme chochote. Nakuomba kama mama yako."

Matayo alirudi na nusu ya akili ikiamini na nusu ikicheka. Akamkuta Mustafa amekaa wima, anakula uji. Hajira alikuwa anapiga vigelegele vya chini kwa chini jikoni.

"Umeona, fundi? Katoka tu, mume wangu kapumua! Sasa nani atabisha?"

Matayo alichukua bisibisi, akafungua papi zile mbili, ambazo sasa zilikuwa zimebinuka katikati.

Tofali la juu, lile alilolikata jana kwa tindo mpaka mkono ukafa ganzi, lilikuwa zima. Lilichomoza vidole vitatu, udongo wa pembeni mbichi bado. Aliligusa, ni zima kabisa, halina hata alama ya nyundo. Akashuka taratibu, akatazama katikati ya ukuta. Tofali la katikati halikuwepo mahali pake. Mahali pake kulikuwa na kile kigutu alichokikata yeye, kimesukumwa ndani kabisa, kikaacha shimo la kutosha kuingiza kiganja. Kama lile la pembeni.

Alikaa chini. Alimwona tena mama wa watu juu ya kiti, bisibisi mkononi, anabembeleza ukuta. Hakuwa anaroga. Alikuwa anachomoa tofali lake mwenyewe ampe mwanawe, halafu anajisukuma ndani upande wa wafu. Na shahidi wa tendo lile ndiye aliyekwenda kumchongea.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini aseme nini? Akisema, Mustafa atakwenda kuling'oa, na la kumpa badala yake halipo. Kwa hiyo alifanya alichoombwa. Akafunga papi juu na chini, akaweka kabari nyuma ya kila papi mpaka zikayapita matofali yaliyochomoza, akapima kwa pima maji, akafunga paneli moja baada ya nyingine. Hajira hakulalamika tena juu ya vidole vinne. Saa kumi na mbili ukuta ulikuwa unang'aa, umenyooka, mzuri kuliko ule wa kwenye simu, na Matayo hakuwahi kuichukia kazi ya mikono yake kama alivyoichukia ile.

Alipaswa kuondoka. Hakuondoka. Adhana ikaisha.

Ko, nyuma ya paneli, chini karibu na mlango.

Ko, nyuma ya paneli, juu karibu na dirisha.

Mustafa alishika kifua akangoja. Hajira alimshika mkono. Harufu ilitoka kwenye maungio ya paneli, ikashuka, ikapita kwenye miguu ya Hajira bila kusimama, ikapita kwenye miguu ya Mustafa bila kusimama, ikafika mlangoni, ikatoka nje kama mtu anayejua anakokwenda. Wakabaki watatu wanatazamana. Mustafa akaanza kucheka kwa furaha, na katikati ya kicheko simu yake ikaita.

"Ni mama," alisema, na furaha ikapungua. Aliweka spika.

"Mustafa? Unapumua, mwanangu?"

"Napumua, mama. Nimepona kabisa. Umefika salama?"

"Nimefika. Nipo barazani kwa mama yako mdogo. Nilitaka kusikia sauti yako saa hizi, basi." Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini ilikuwa inakimbilia maneno. "Hajira yupo? Mwambie zile dawa zangu za macho nimezisahau juu ya kabati, asimruhusu mtu kuzichezea."

"Mama, kuhusu asubuhi..."

Ko.

Ilitoka ndani ya simu. Karibu sana na mdomo wa simu, pale kwenye kifua cha mtu anayeishikilia. Pumzi ya Bibi Maryamu ilikatika katikati.

Matayo alisimama na hakujua kama alikuwa amesimama. "Alikupa tofali lake," alisema, na sauti ikampasuka. "Mimi ndiye niliyekata lako. Alfajiri alichomoa lake akakuwekea wewe. Nilimwona, nikaja kusema anaroga. Mama yako hana tofali!"

Maneno yalimtoka ovyo, lakini Mustafa alikuwa amelelewa na ule ukuta na ile milio mitatu ya kila jioni, na kitu fulani ndani yake kilielewa kabla ya masikio. Alirukia paneli. Akaingiza vidole kwenye ungio, akavuta, plastiki ikapasuka, kucha zikatoka damu.

"Mustafa!" Sauti ya mama yake ilirudi, ya mtu anayesema kwa pumzi ya mwisho. "Usiguse. Ukilitoa, utakuwa umenifanya nikuzae bure."

Mikono ya Mustafa ilibaki kwenye paneli, haivuti wala haiachii. Alilia kwa sauti, mtu mzima, kipaji cha uso kwenye ile plastiki.

Hajira aliiokota simu kutoka kwenye kochi. Aliishika kwa mikono miwili, akapiga magoti sakafuni kama anavyopiga magoti mkwe mwema mbele ya mama wa mumewe, jambo ambalo miaka yote hakuwahi kulifanya.

"Mama," alisema. "Nimekosa. Rudi nyumbani, kesho nakufuata mwenyewe. Nisamehe, mama. Unanisikia?"

Hakukuwa na jibu. Kwa mbali, huko Magoma, dada yake Bibi Maryamu alisikika akiita jina lake, mara moja, mara mbili, kisha akaanza kupiga yowe. Halafu mtu akasogea karibu na simu, na aliyesema hakuwa mwanamke. Ilikuwa sauti kavu ya mwanamume, ya mtu aliyechoka na kazi ya kutwa na sasa anataka kwenda kupumzika.

"Wametimia," ilisema, na simu ikakatwa.